Kuhesabu Pumzi Mapajani mwa Baba Mkwe

Ukitaka kujua kama paka wako anapumua sawasawa, mwangalie akiwa amelala usingizi. Usimguse wala usimwite. Tazama ubavu wake unavyopanda na kushuka. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima. Paka mzima aliyelala kwa kawaida hapiti thelathini, na wengi hawafiki hata huko. Ni kazi nyepesi. Mtoto wa darasa la tatu anaiweza, nami nimefundisha sayansi katika shule ya msingi kwa miaka mingi, najua watoto wa darasa la tatu wanaweza nini.

Kilichonishinda mimi ni mahali alipolala paka mwenyewe. Alikuwa amelala mapajani mwa baba mkwe wangu.

Msomaji ambaye hakuolewa pande zetu atauliza, basi tatizo liko wapi? Naomba anivumilie kidogo. Mimi ni Msoga wa Budondo, nimeolewa na Mgisu wa Mbale, askari wa magereza. Kwetu na kwao sheria ya ukwe inafanana. Mwanamke hamtazami baba wa mumewe usoni. Hamshiki mkono, hampi kitu mkono kwa mkono, hakai kwenye kiti alichotoka kukalia. Humsalimu akiwa amepiga magoti, kwa mbali, macho chini. Kabla sijaolewa mama aliniambia kwamba avunjaye sheria hiyo hupatwa na buko, ugonjwa wa kutetemeka mikono, akanikumbusha bibi mmoja wa kijijini ambaye hakuweza kubeba kikombe cha chai bila kukimwaga. Mimi ni mwalimu wa sayansi, siamini kwamba mikono hutetemeka kwa sababu ya macho kutazama. Lakini ukiniuliza leo pua ya baba mkwe wangu ina umbo gani, siwezi kukujibu.

Mzee alikuja kwetu Mafubira, karibu na Jinja, kutibiwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Jicho moja lilifanyiwa upasuaji mjini Jinja, likafungwa bandeji, akaambiwa akae karibu mpaka daktari amwone tena. Alikuja na begi lake la jeshi, redio, na paka ndani ya tenga la kuku. Mume wangu alipomuuliza kwa nini amembeba mnyama safari yote hiyo, alijibu, “Afande hawezi kubaki peke yake kutwa. Hajui kupika.”

Alimwita paka “afande”. Paka mwenyewe alikuwa dume mchanga, mwaka mmoja na ushee, rangi ya majivu na kifua cheupe. Aliletwa Mbale kulinda mahindi dhidi ya panya, baada ya miezi michache akapandishwa cheo, akahamia mapajani. Mzee ni mjane. Mchana kutwa wawili hao walikaa kwenye kochi letu wakisikiliza redio, mkono mmoja wa mzee ukiwa juu ya mgongo wa paka.

Nyumba yetu ni ndogo. Kutoka jikoni kwenda popote lazima upite sebuleni. Napeleka chai, napiga magoti, naweka sinia kwenye meza ndogo, macho chini. Na chini, kwa mtu aliyepiga magoti mbele ya kochi, ni mapajani. Hivyo ndivyo heshima yenyewe ilivyonipa kazi ambayo sikuiomba. Kila nilipokwepa uso wa mzee nilimwona paka.

Siku ya pili tu niliona kitu ambacho sikukipenda. Paka alikuwa amelala, lakini ubavu wake ulikwenda mbio kama wa paka aliyetoka kufukuzwa na mbwa. Tena hakulala ubavu kama paka wengine wanavyojitupa sakafuni wakati wa joto. Alijikunja kama kuku anayeatamia, viwiko vimetoka nje kidogo, shingo imenyooka mbele. Nilijiambia labda ni joto, au ni uchovu wa safari.

Siku zilizofuata niliendelea kuona. Nilipofagia, paka alishuka kucheza na njiti za ufagio. Ukicheza na paka wa umri ule, wewe ndiye huchoka kwanza. Huyu aliruka mara chache, akaketi katikati ya sebule, akafungua mdomo, akapumua kwa kinywa kama mbwa. Mbwa akipumua hivyo, anajipoza. Paka akipumua hivyo bila kutoka kwenye joto kali au mbio ndefu, kuna jambo. Siku nyingine alisimama chini ya dirisha, akalitazama, akapima urefu kwa macho, kisha akageuka. Dirisha lenyewe haliko juu. Paka mzee mwenye magoti mabaya ningemwelewa. Na samaki aliokuwa akigombania siku ya kwanza, alianza kuwanusa na kuwaacha.

Mzee hakuona lolote. Jicho moja lilikuwa chini ya bandeji, la pili lina ukungu. Aliuhisi mgongo wa paka chini ya mkono wake, akadhani kwenda mbio kule ni kuunguruma kwa raha.

Niliyaona yote hayo, nikanyamaza. Ningesemaje? Ili niseme “baba, paka wako anapumua vibaya”, ilibidi kwanza nieleze macho yangu yamekuwa wapi wiki nzima. Hata kwa mume wangu maneno yalikwama. Mara mbili nilianza nikabadilisha mazungumzo. Nilikuwa nimejifunza katika mafunzo ya afya ya jamii jinsi ya kuhesabu pumzi za mtoto mchanga mwenye nimonia, nimewafundisha akina mama wengi wa mtaani kwetu, nikiwahimiza, “Usiogope, angalia kifua tu.” Kifua tu! Mimi mwenyewe nilikuwa nakwepa ubavu wa paka kwa sababu ya suruali iliyokuwa chini yake.

Jumapili moja baada ya chakula niliamua nihesabu mara moja tu, niwe na hakika. Mume wangu alikuwa mezani. Redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Nilipiga magoti kukusanya sahani, nikaitazama saa ya ukutani, nikaanza. Dakika moja ni ndefu sana, jamani. Jaribu kumtazama mtu mapajani kwa dakika moja. Nilipanga upya sahani ambazo zilikuwa zimeshapangika. Nilifika ishirini na kitu na mshale wa saa ulikuwa bado nusu ya njia, na hapo nikasahau kujifanya. Nilikodoa macho.

Mzee alikohoa. Kisha alivuta shati lake chini kwa mikono miwili, akasimama ghafla, paka akadondoka, na mzee akaingia chumbani akipapasa ukuta.

Mume wangu alinifuata jikoni.

“Wewe mwalimu! Unatafuta nini pale?”

“Nahesabu pumzi za paka.”

“Za nini?”

“Za paka. Anapumua mbio. Nafikiri ni mapafu, au moyo.”

Alinitazama kama anavyomtazama mfungwa aliyekamatwa juu ya ukuta anayesema alikuwa anafuata kofia yake. “Moyo! Mimi ni askari miaka yote hii, nimesikia visingizio. Hiki sijasikia. Sasa nimwambie mzee, baba, samahani, mke wangu hakukuangalia wewe, aliangalia moyo wa paka?”

“Mwambie hivyohivyo.”

“Mwambie wewe,” alisema, akijua vizuri kwamba siwezi.

Alfajiri ya kesho yake mzee aliondoka. Hakuaga. Alimwambia mwanawe tu kwamba amekumbuka kazi ya shamba, akamtia paka kwenye tenga, wakapanda basi la Mbale. Siku ya kurudi kwa daktari wa macho ilikuwa haijafika. Dawa ya matone aliyopaswa kutia kila siku ilibaki juu ya friji yetu.

Sijui nieleze vipi aibu ya juma lile. Nilikwenda shuleni, nikafundisha, nikasahihisha, na kila nilipotulia ile sauti ya kikohozi ilirudi. Nilikuwa nimemfukuza baba mkwe wangu nyumbani kwa mwanawe, kwa macho yangu. Na chini ya aibu hiyo kulikuwa na nyingine, mbaya zaidi kwa sababu kwa hii sikuweza hata kuilaumu mila: kwamba yule paka alikuwa ndani ya tenga, kwenye basi, kwa njia ya Tirinyi, na mtu pekee aliyejua hafai kusafirishwa nilikuwa mimi.

Jumamosi mume wangu alikuwa zamu. Alinipa matone. “Peleka. Na ubebe kuku wa kuondoa aibu. Dada yangu atakusaidia kusema.”

Wifi yangu anaishi na baba yao Mbale, anauza vitenge sokoni, na hajawahi kukosa neno. Alinipokea mlangoni, akamchukua jogoo, akampima uzito kwa mkono. “Huyu ni wa kosa dogo,” alisema. “Wewe nimesikia lako ni kubwa.”

“Wifi, niache. Paka yuko wapi?”

Akaacha kucheka. “Unajuaje? Paka ana shida. Tangu afike hali. Mzee anasema alipumua mdomo wazi njia nzima, ulimi nje. Jana alijificha uvunguni, leo mzee amemtoa kwa mkono.”

Nyumba ya Mbale ni ya mabati bila dari, kuta za ndani hazifiki juu. Sauti ya jikoni inasikika chumbani kana kwamba mko kwenye mkeka mmoja. Mzee alikuwa chumbani na paka wake. Nilipiga magoti jikoni, upande wangu wa ukuta, nikasalimu. Aliitikia kwa mguno. Wifi yangu akasimama mlangoni, katikati yetu, kama mkalimani wa mahakama.

“Mwambie baba,” nilisema, “naomba aweke mkono kwenye ubavu wa paka, bila kukandamiza.”

“Anasema uweke mkono kwenye ubavu.”

“Nimesikia,” mzee alisema. “Mimi naumwa macho, si masikio.”

“Kila ubavu ukipanda, ahesabu kwa sauti. Mimi nitatazama saa, nitasema anza na basi.”

“Anasema uhesabu, yeye ana saa.”

“Nimesikia! Toa amri, mwalimu.”

“Anza,” nilisema, na uso wote ukaniwaka moto, kwa maana ndiyo amri ya kwanza niliyowahi kumpa.

Alihesabu kama mtu aliye kwenye gwaride. Moja. Mbili. Tatu. Sauti yake ilikwenda mbio, ikabidi aache kutamka vizuri ili amfikie paka. Mimi nilikuwa nimeikazia macho simu yangu. Nilipotamka “basi”, alikuwa amefika hamsini na mbili.

“Labda nimekosea,” mzee alisema. Tukarudia. Hamsini.

“Mwambie inatakiwa iwe chini ya thelathini.”

Safari hii wifi hakurudia. Mzee akasema, “Mwite daktari.”

Nilisisitiza daktari aje nyumbani, paka asitiwe tena kwenye tenga. Wifi alimjua mganga wa mifugo anayetibu ng'ombe wa jirani. Alifika kwa pikipiki, buti zina matope ya mlimani, akaniambia wazi kwamba kazi yake hasa ni ng'ombe na nguruwe lakini kifua ni kifua. Alimpima paka kule chumbani, hapohapo mapajani mwa mzee. Mimi nilibaki jikoni, nikisikiliza. Alifunua fizi, akasema zimepauka, zina ubuluu kidogo. Alishika miguu ya nyuma, akauliza kama kuna siku imekuwa baridi au paka ameiburuta akilia. Mzee alisema hapana. “Afadhali,” alisema daktari. “Ikitokea hivyo, damu imeganda na kuziba njia, hapo usingoje hata kuvaa viatu.” Kisha akasikiliza kwa kipimo chake, kwa muda mrefu.

“Moyo huu unakwenda kama farasi,” alisema mwishowe. “Mapigo matatu matatu badala ya mawili. Na mapafu yana maji, nasikia yanavyotatarika. Nafikiri ni moyo, misuli imenenepa. Hutokea hata kwa paka mchanga, anazaliwa nao. Sina mashine ya kuutazama kwa ndani, iko Kampala. Inaweza kuwa kitu kingine, lakini sitangoja mashine.” Akamchoma sindano ya kutoa maji mwilini. “Ameanza lini?”

Nilijua swali hilo lingekuja.

“Tangu Jumatatu,” mzee alisema. “Tangu safari.”

Ningeweza kunyamaza. Lakini daktari alihitaji kujua, na dawa hutolewa kwa ukweli. “Mwambie daktari,” nilisema, “ni zaidi ya wiki mbili. Niliona siku ya pili walipofika kwetu. Kulala kama kuku, kuacha kucheza, mdomo wazi.”

Wifi yangu aligeuka akanitazama. Hakukuwa na haja ya kumwambia mtu yeyote chochote, ukuta ulishasema.

“Wiki mbili,” mzee alirudia. Halafu, polepole: “Mwalimu, siku ile Jumapili. Ulikuwa unaangalia paka?”

“Ndiyo, baba.”

“Paka tu?”

“Paka tu, baba. Nilikuwa nahesabu.”

Nilisikia paka anavyopumua, au nilidhani nasikia.

“Mimi nilifikiri zipu,” alisema mzee.

Wifi yangu aliushika mlango.

“Ile suruali ya kijani, zipu yake ni mbovu. Jicho moja limefungwa, la pili ni ukungu mtupu. Nilijipapasa, sikuwa na hakika. Nikasema, nimejiaibisha mbele ya mke wa mtoto wangu, siwezi kula tena katika nyumba ile.”

Wifi alikwenda uani akacheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Daktari alijifanya kutafuta kitu kwenye mkoba wake, mabega yakitikisika. Mimi nilicheka pia, mkono mdomoni, na machozi yakaja pamoja na kicheko, kwa sababu sikuweza kuacha kuhesabu upande wa pili wa mambo. Watu wazima wawili tulioneana haya, kila mmoja kwa sababu yake, na aliyelipa ni mnyama ambaye hajui ukwe ni nini. Nilimuuliza daktari, kupitia wifi aliyekuwa bado anafuta macho, kama zile siku zingeleta tofauti. Alikuwa mtu mpole. Alisema moyo ungekuwa uleule. “Lakini angeanza dawa kabla maji hayajajaa. Na lile basi,” aliongeza, “lile lingeweza kumuua.” Hakulisema kwa ubaya. Ndivyo ilivyo.

Alituambia tungoje mpaka jioni. Sindano ikifanya kazi, paka atakojoa sana na pumzi zitapungua. Zisipopungua, tujiandae. Nilichinja jogoo wangu mwenyewe, nikampika, nikampakulia mzee kupitia kwa wifi, na hakuna aliyekula vizuri. Kabla giza halijaingia tulihesabu tena, mimi na simu upande wangu, yeye na mkono wake upande wake. Arobaini na moja. Baadaye kidogo, thelathini na sita. “Amekojolea suruali ya kijani,” mzee alitangaza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Asubuhi paka alikula mukene, dagaa wetu wa ziwani, wachache, lakini alikula. Nilifunga mfuko wangu nirudi Jinja. Nilipiga magoti jikoni kuaga.

“Mwalimu,” mzee aliita kutoka ng'ambo ya ukuta.

“Baba.”

“Siku nyingine ukiona kitu, sema. Hata kama kiko kwangu.”

“Ndiyo, baba.”

“Lakini usiangalie sana.”

Nimewasimulia wachache kisa hiki, na wote hucheka pale walipocheka wifi na daktari. Mimi huwaacha wacheke, kisha nawaeleza namna ya kuhesabu, na naona wanaanza kuwatazama paka wao kwa jicho jipya. Nawaambia wasijilaumu kama hawakuona mapema, paka ni hodari wa kuficha ugonjwa. Ni kweli, na ni maneno ya kumtia mtu moyo. Kwangu tu hayafanyi kazi. Huyu hakunificha kitu.

Mpaka ninapoandika haya paka yupo, amekonda, anameza kidonge kilichosagwa ndani ya mukene na haruki juu ya kitu chochote kirefu kuliko kochi. Daktari alisema inaweza kuwa miezi, inaweza kuwa miaka. Wifi yangu hunipigia simu kunipa hesabu. Juzi ilipanda tena kupita thelathini na tano. Kabla hajamaliza kunieleza nilimuuliza, “Mmemwita daktari?” Akasema mzee alishamwita tangu asubuhi, na pikipiki yake ilikuwa imeshafika uani.